Ng'ombe Aliyekula kwa Margareta

Nimefanya kazi ya ukarani miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimeandika tenda za kila kitu ambacho serikali hula, huvaa na huchoma. Mahindi ya wafungwa, mafuta ya taa, kamba, sabuni, kaptula za matarishi, kuni. Anayenunua kwa niaba ya serikali hujifunza mapema kwamba kila mwenye duka ni rafiki yake mpaka siku ya kufungua bahasha. Baada ya hapo yeye ni mwizi, au anamlinda mwizi. Hayo nilikwisha kuyazoea. Hii ya maziwa sikuizoea, na kila nikiisimulia nachoka upya.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja. Pembeni ya mto Rau, nje kidogo ya mji wa Moshi, serikali ilikuwa na hospitali ndogo ya wagonjwa wa kifua, vitanda arobaini hivi, na daktari alikuwa ameamuru kila mgonjwa apate maziwa asubuhi na jioni. Maziwa yalinunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye jina lake sitalitaja, maana watoto wake wako hai na hawana ubaya na mtu. Maziwa yake yalikuwa na maji. Muuguzi alikuwa na kijiti cha kioo cha kuyapimia, na kila akikitumbukiza kilizama mpaka shingoni. Aliandika barua, mimi nikaziweka kwenye faili, na faili likanenepa kuliko wagonjwa.

Kisha akaja mkuu wangu mpya ofisini, Bwana Hadlow. Alikuwa Mwingereza kijana, pua imebabuka kwa jua, na alikuwa na ugonjwa wa kusoma mafaili yote tangu ukurasa wa kwanza. Wiki ya pili akaniita.

"Alawi," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kunyooka, "serikali inanunua kila siku. Lazima inunue. Basi kwa nini isinunue kwa mtu ambaye shilingi hiyo itamwinua?"

Nikamwambia hakuna mtu ambaye shilingi haimwinui. Akacheka, lakini hakuliacha wazo lake. Alitaka shilingi ya serikali ifanye kazi mbili, imnyweshe mgonjwa maziwa na imlishe mtu wa pili anayeyaleta. Mimi nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na nilikwisha kuona mawazo mengi yakipanda mlima na kushuka kwa kubebwa. Nikasema ndiyo Bwana, nikaenda kuandika.

Sasa nitasema kweli, na naomba ikumbukwe hadi mwisho, kwa sababu sitaki mtu adhani nasimulia habari ya mpango mbaya. Mpango ulikuwa mzuri. Huko Kirua Vunjo, juu mlimani, kulikuwa na wajane kumi na mmoja waliokuwa wakisali pamoja kila Alhamisi, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa ndani. Kiongozi wao alikuwa mama Mektrida, mama wa makamo, mfupi, asiyependa maneno ya kuzunguka. Bwana Hadlow alipomweleza kwamba serikali itanunua maziwa yao yote kwa mwaka mzima, kwa bei isiyoshuka, mama Mektrida alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Mwulize, akichoka atatuambia, au tutakuta tu lori halipo?"

Nilimwuliza. Bwana Hadlow akawa mwekundu, akasema hatachoka. Na kwa kweli hakuchoka. Waliochoka tulikuwa wengine.

Wajane walikamua alfajiri, wakayamimina kwenye vibuyu vyao vilivyofukizwa moshi, wakayakusanya kwa mama Mektrida kwenye madebe safi tuliyowapa, na wanne kati yao kwa zamu wakayateremsha kichwani kupitia migombani mpaka barabara kubwa, ambako lori la hospitali lilisubiri. Kile kijiti cha kioo kikasimama wima kwa mara ya kwanza. Wagonjwa walinung'unika siku mbili tatu kwamba maziwa yananuka moshi. Baada ya mwezi, fundi cherehani mmoja wa mjini aliyelazwa pale aliniambia kwamba siku hizi maziwa yasiyonuka moshi yanamtia kichefuchefu.

Malipo nilipeleka mimi, kila mwisho wa mwezi, na hapo ndipo nilipomfahamu Margareta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kusema polepole. Mumewe aliangukiwa na mti msituni. Alikuwa na mabinti wawili, na kwa fedha ya maziwa aliwarudisha shule ya misheni kule Kilema kwa dada yake. Ng'ombe wake alikaa ndani ya nyumba kama ilivyo desturi ya mlimani, upande wa kulia mtu aingiapo, na alilishwa majani ambayo Margareta aliyakata kule chini tambarare na kuyapandisha kichwani, mwendo wa saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi. Nilimwona siku moja akiwa amesimama njiani na mzigo wake, hawezi kuutua kwa kuwa hakuna wa kumtwika tena. Nilimtwika. Ulikuwa mzito mpaka nikaona aibu kumsindikiza mikono mitupu.

"Akizaa huyu, karani," aliniambia njiani, "ndama ni wangu. Huyu ni wa tatu. Mwezi wa kwanza, Mungu akipenda."

Nikamwambia hongera. Mimi ni mtu wa mjini. Baba yangu alikuja Moshi na misafara, mama yangu ni Mpare, nyumba yetu ilikuwa karibu na msikiti, na ng'ombe ninayemjua vizuri ni wa Idi. Sikujiuliza kwa nini ndama wa tatu awe wake na si wa kwanza. Nilidhani wawili wa mwanzo aliwauza.

Mwezi wa kumi ikaja barua isiyo na jina. Iliandikwa kwa mashine, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Ilisema kwamba tenda ya wajane ni kiini macho: ng'ombe wale si wa wajane, ni wa matajiri wa mlimani waliowaficha kwa wajane, na kwamba serikali, ikidhani inamsaidia maskini, inamnenepesha mwenye shamba kubwa la kahawa. Nani aliiandika sijui. Nina mtu wangu ninayemshuku, lakini kushuku si kujua.

Bwana Hadlow aliisoma akiwa amesimama. Aliumia kweli. Mtu mwema akiambiwa ametapeliwa huumia kuliko mtapeli akiambiwa ametapeli. Akaandika kanuni siku ile ile na kuitia sahihi: maziwa yatanunuliwa kwa mjane ambaye ng'ombe ni mali yake mwenyewe. Daftari liandikwe, nyumba kwa nyumba, jina la mjane, idadi ya ng'ombe, jina la mwenye ng'ombe. Daftari libandikwe siku saba barazani kwa mangi, chifu wa kule, mwenye kupinga apinge. Na karani wa kuandika ni mimi.

"Bwana," nilimwambia, maana kufikia hapo nilikuwa nimeuliza uliza kidogo kwa watu, "huko juu mtu huwekesha ng'ombe wake kwa mwingine. Anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenyewe anapata ndama. Maziwa ni ya mtunzaji, hata kama ng'ombe si wake. Tajiri hapati hata tone."

Alifikiri. Nitamtendea haki, alifikiri kwa muda. "Lakini barua itasema nini tena, Alawi? Wakubwa Dar es Salaam hawawezi kusoma desturi. Wanaweza kusoma jina. Iandike desturi hiyo kwenye maelezo, chini."

Kwenye fomu aliyoichora mwenyewe hapakuwa na nafasi ya maelezo. Nilimwonyesha. Akasema niandike nyuma ya karatasi.

Nilipanda Kirua siku ya Jumanne, mvua za vuli zimeanza. Sijui kama umewahi kupanda kule kwenye utelezi ukiwa na viatu vya ofisini. Nilianza na nyumba ya mama Mektrida.

"Ng'ombe wa nani, mama?" nikauliza, baada ya shikamoo na habari za nyumbani.

Alinitazama kama mtu anayetazamwa akioga. "Anakula hapa," akasema.

"Ndiyo, lakini wa nani?"

"Karani, huku mtu hakuulizi ng'ombe wa nani. Anakuuliza anakula kwa nani. Huyu anakula kwangu. Andika."

Baadaye ndipo nilipoelewa vizuri. Mlimani, anayewekesha ng'ombe huwekesha kwa siri. Ana mifugo sita, watu wanamwona na wawili. Hivyo husuda haimwandami, na ndugu hawaji kila Jumapili na shida zao. Anayetunza naye hamtaji mwenyewe, hata kwa jirani, hata kwa shoga yake wanayesali naye. Wale kumi na mmoja hakuna aliyejua ng'ombe wa mwenzake ni wa nani. Hawakuulizana. Mama Mektrida alisema "anakula hapa," mimi nikaandika kwenye safu ya mwenye ng'ombe: *yeye mwenyewe.* Nyumba ya pili wakasema "wa hapa hapa." *Yeye mwenyewe.* Ya tatu, ya nne, mpaka ya nane, hivyo hivyo. Sikuwabana. Nilijua ninachokifanya, au nusu yake, na nusu hiyo ilinitosha.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Margareta. Mvua ilikuwa imeshika, nimelowa mpaka soksi, na nilikuwa na nyumba mbili bado, na giza la mlimani huingia mapema. Alinipa kigoda karibu na moto. Ng'ombe alikuwa pale ubavuni, tumbo limejaa, anacheua.

"Ng'ombe wa nani?" nikauliza huku nikikausha kalamu.

Hakujibu upesi kama wenzake. Alikaa akifikiri, na mimi nikamngoja huku moyoni nikisema, sema tu anakula hapa, mama, nikaondoke.

"Hili daftari," akasema, "linakaa wapi?"

"Ofisini."

"Halipotei?"

"Halipotei."

"Mtu akija kusema vingine, wanalifungua na kusoma?"

"Wanasoma."

Akasogeza kigoda chake karibu. "Basi andika vizuri, karani. Ng'ombe mama ni wa mzee Kornel. Alimleta hapa mume wangu akiwa hai, mwaka wa sita huu. Tulikunywa pombe ya mbege, mashahidi wawili, na wote wawili wameshakufa. Tukakubaliana ndama wa kwanza na wa pili ni wake, wa tatu ni wangu. Andika hivyo. Mama wa Kornel, aliye tumboni wa Margareta. Serikali ikiandika, hakuna wa kunigeuka."

Nilielewa. Nilielewa palepale, sitajidai sikuelewa. Mashahidi wake wamekufa, na huyu mwanamke ameona daftari la serikali, akaona amepata shahidi asiyekufa. Wenzake walilificha neno lao kwangu, yeye akaniletea lake lote, kwa sababu alitaka nilitunze.

Nilipaswa kuweka kalamu chini. Nilipaswa kumwambia: Margareta, kuna kanuni, asiye na ng'ombe wake mwenyewe anaondolewa, na daftari hili litabandikwa barazani kila mwenye macho asome, basi sema kama walivyosema wenzako. Ni maneno machache. Ningeyasema yangeisha kabla mchirizi wa paani haujajaza kikombe.

Lakini nilikuwa nimechoka. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Nilikuwa nimechoka na mvua na mlima na Bwana Hadlow na wema wake, na kwenye safu ya mwenye ng'ombe palikuwa na nafasi ya jina moja. Nikaandika *Kornel.* Habari ya ndama niliiandika nyuma ya karatasi, kwa wino uliochanganyika na matone. Margareta akaweka dole gumba, akalitazama, akanishukuru. Akanipa ndizi mbivu za kupeleka kwa watoto.

Nyumba mbili za mwisho walisema "wa hapa." Nikaandika *yeye mwenyewe.*

Mke wangu Mwantumu aliniuliza jioni ile kwa nini sili. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani.

"Na kalamu," akasema, "ilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Daftari lilibandikwa barazani siku ya Ijumaa, upande wa mbele tu, maana karatasi ikibandikwa nyuma haionekani. Jumamosi lilisomwa na Primus.

Huyu Primus ni mdogo wake Kornel, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na mchumba wa Kilema kwa miaka miwili, na wakwe walikuwa wanangoja ng'ombe wa mahari. Kila Primus alipokwenda kwa kaka yake, Kornel alimwonyesha wale wawili wa nyumbani, mmoja mzee na mmoja wa maziwa ya watoto, akamwambia, unaona mwenyewe, sina wa kukutolea. Alikuwa amesema hivyo hata mbele ya paroko. Sasa Primus akasimama mbele ya ubao, akasoma jina la kaka yake kwenye safu ya mwenye ng'ombe, na kwa kuwa alikuwa amesoma shule akalisoma kwa sauti, na barazani siku ya Jumamosi watu hawakosi.

Habari kwamba Kornel atamchukua ng'ombe wake ilinifikia Jumatatu, na Jumatano nikaomba ruhusa ya kutokwenda kazini, nikapanda tena. Safari hii nilikwenda kwa Kornel. Nilimkuta akipogoa mibuni yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti, koti lake limetiwa viraka viwili nadhifu. Nilitarajia kumchukia, nikakosa pa kuanzia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karani. Umekuja kunihesabia nini leo?"

Nikamwambia nimekuja kuomba. Amwache ng'ombe kwa Margareta mpaka azae, mwezi mmoja na nusu tu, amwachie ndama kama walivyopatana, kisha amchukue mama.

Aliendelea kukata vitawi. "Yule mama ni mwaminifu," akasema. "Miaka sita sikuwahi kwenda kumwona ng'ombe wangu nikamkuta amekonda. Ningemwachia ndama, wallah ningemwachia, maana si wewe Mwislamu? Nakuapia kwa lugha yako. Lakini wakwe wa Primus wamesikia. Wamesikia ng'ombe wa Kornel yuko kwa mjane na ana mimba. Ng'ombe mwenye mimba huhesabiwa wawili. Wanamtaka yeye, na wanamtaka kabla ya Noeli, akiwa vilevile. Nikisema hapana, Primus atauliza wengine wako wapi."

"Wengine wako wapi?" nikauliza, na mara nikajuta.

Akatabasamu kidogo. "Unaona? Bado huulizi vizuri." Akakata kitawi kingine. "Ungenijia kabla hujaandika, karani. Ningekupa hata jibu la kuandika."

Nilirudi ofisini na kumwambia Bwana Hadlow habari yote ya Margareta: maziwa, ndama, mashahidi, wakwe. Ya wale kumi sikumwambia. Aliinamisha kichwa. Akageuza karatasi, akasoma maelezo yangu ya nyuma, na nadhani alikuwa mtu wa kwanza na wa mwisho kuyasoma.

"Ningeweza kumwacha," akasema. "Lakini nimeitia sahihi kanuni mwenyewe, Alawi. Nikimwacha yeye, barua itakayokuja ya pili itakuwa ya kweli, nayo itawaondoa wote." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejipa moyo, "Kumi kati ya kumi na mmoja. Si haba."

Na kweli si haba. Alikwenda Dar es Salaam na takwimu hizo, na wakubwa wakafurahi, na mwaka uliofuata mablanketi ya hospitali yakanunuliwa kwa mtindo huohuo. Wagonjwa waliendelea kunywa maziwa yenye moshi. Wajane kumi waliendelea kulipwa. Nikiwahesabu wote walionufaika na tenda ile nafika mbali, na sina ubishi. Ila nikishamaliza kuhesabu huwa nakumbuka aliyebaki.

Kulikuwa na fomu ya mwisho. Ili fungu la maziwa la Margareta ligawiwe wenzake, ilibidi atie dole kwamba amejitoa kwa hiari yake. Bwana Hadlow alisema tarishi aipeleke. Nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mchana, na kwa mtu wa kule kukaa mchana peke yake ni habari. Ng'ombe alikuwa amekwisha kuchukuliwa siku mbili kabla. Upande wa kulia wa nyumba ulikuwa umefagiliwa. Aliniamkia, akaniletea kigoda kilekile, akauliza habari za Mwantumu na watoto. Hakuniuliza chochote kuhusu daftari. Ningependa angenitukana.

"Alikwenda vizuri?" nikauliza, nikimaanisha ng'ombe.

"Alisumbua kidogo pale mferejini. Nilimsindikiza mpaka kwa Primus, maana hakuwazoea. Kwa Primus ndipo nikarudi." Akatazama ule upande uliofagiliwa. "Atazaa kwa wageni."

Nikamsomea fomu, neno kwa neno, na nilipofika kwenye hiari nikalisoma kwa sauti ndogo. Akasikiliza kama alivyosikiliza siku ile, kwa makini, kama kwamba bado kuna kitu ndani ya karatasi ambacho kinaweza kumfaa. Halafu akauliza swali moja, na hadi leo nalisikia.

"Karani, wale wenzangu. Ng'ombe wao ni wao kweli? Wote?"

Nilikuwa na daftari mkobani. Kumi nimeandika *yeye mwenyewe*, na sijui hata mmoja kama ni kweli. Labda wawili. Labda hakuna. Nikimwambia hivyo, atajua kwamba aliondolewa kwa kuwa alisema kweli, na kwamba aliyemwondoa ni mimi, kwa uvivu wa kuweka kalamu chini. Na nikimwambia hivyo, nimewaweka wanawake kumi mkononi mwa mwanamke aliyepoteza kila kitu. Nilitafuta ni lipi kati ya hayo mawili lililonizuia, nikashindwa kulitenga.

"Ni wao, mama," nikasema. "Wote kumi. Niliwauliza kama nilivyokuuliza wewe."

Alishusha pumzi, na mabega yake yakalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni haki," akasema. "Nilikuwa naona kama nimeonewa." Akanyoosha mkono, akanipa dole gumba lake nilitie wino.